Mabamba ya chuma: Ukuta unaozuia mashimo marefu ya ujenzi kuporomoka

KADIRI miji inavyopanuka na bei ya ardhi inavyopanda, ndivyo wajenzi wanavyozidi kwenda chini. Jengo la orofa 20 huhitaji mahali pa kuegesha magari, matangi ya maji, chumba cha jenereta na msingi ulio imara, na mara nyingi yote hayo huwekwa chini ya usawa wa barabara. Ili kuyapata, mwanakandarasi hana budi kuchimba shimo la kina cha mita 6, 10 au hata zaidi ya 20, huku upande mmoja kukiwa na barabara yenye shughuli nyingi na upande wa pili nyumba ya jirani.

Je, ni nini kinachozuia barabara hiyo na nyumba hiyo kuingia shimoni? Na ni nini kinachomlinda kibarua anayefunga vyuma vya msingi akiwa amezungukwa na kuta za udongo zilizomzidi kimo mara tano?

Mojawapo ya majibu ya maswali hayo ni ukuta wa mabamba ya chuma ambao hupigiliwa ardhini kabla ya uchimbaji kuanza. Makala haya yanaeleza jinsi ukuta huo unavyofanya kazi, hatua zinazofuatwa katika kuuweka, makosa yanayousababisha kuanguka, na dalili ambazo mfanyakazi na jirani wanapaswa kuzitambua mapema.

UDONGO HAUJATULIA

Watu wengi huuona udongo kama kitu kilichotulia. Ukweli ni kwamba udongo hutulia tu kwa sababu umeshikiliwa na udongo mwingine ulio kando yake. Ukiondoa ule wa kando, uliobaki huanza kusukuma kuelekea penye nafasi.

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa takriban tani 1.8, ambao ni zaidi ya uzito wa gari dogo la abiria. Ndiyo maana mtu aliyefukiwa hadi kifuani huwa hatarini hata kama kichwa chake kiko nje. Kila anapotoa pumzi, udongo hujaza nafasi iliyoachwa na kifua, na mara inayofuata hawezi kukipanua tena. Dakika chache zinatosha kuyakatiza maisha yake.

Nguvu hii ya udongo ilianza kupimwa kwa hesabu zamani. Mhandisi wa jeshi la Ufaransa, Charles-Augustin de Coulomb, alichapisha mwaka wa 1776 njia ya kukadiria msukumo wa udongo dhidi ya ukuta. Mwaka wa 1857, Mskoti William Rankine alitoa njia yake iliyo nyepesi zaidi. Wahandisi wa leo wana kompyuta, lakini hesabu wanazozifanya zingali zimejengwa juu ya kazi ya wawili hao.

Tuchukue mfano wa shimo la kina cha mita 6 katika mchanga mkavu wa kawaida. Kwa hesabu ya Rankine, kila mita moja ya urefu wa ukuta husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 11 hivi. Ukuta wenye urefu wa mita 20 basi hubeba tani 220.

Sasa tuchukulie kwamba mvua imenyesha au bomba limepasuka, na maji yamejaa nyuma ya ukuta huo hadi juu. Maji peke yake husukuma kwa takriban tani 18 kwa kila mita, na mchanga uliolowa huongeza tani 6 nyingine. Jumla ni tani 24, ambazo ni zaidi ya maradufu ya zile za awali. Shimo ni lile lile na ukuta ni ule ule, ila mzigo umebadilika kabisa.

Kutokana na mfano huu, ni bayana kwamba maji ndiye adui mkuu wa shimo la ujenzi, na kwamba ukuta uliosimama salama wakati wa kiangazi huenda usistahimili masika.

BAMBA NI NINI?

Fikra ya kuzuia udongo na maji kwa ukuta uliopigiliwa ni kongwe. Mwandishi wa Kirumi, Vitruvius, aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alieleza jinsi ya kujenga ndani ya maji kwa kupigilia kuta mbili za mbao na kujaza udongo wa mfinyanzi katikati. Kwa karne nyingi baadaye, mbao ndizo zilizotumika.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 1902 mjini Bremen, Ujerumani, wakati mhandisi wa serikali, Tryggve Larssen, alipobuni bamba la chuma lenye umbo la herufi U ambalo kingo zake hushikana na za bamba jingine. Jina lake lingali linatumiwa na wahandisi hadi leo wanapozungumzia mabamba ya aina hiyo.

Siri ya bamba hilo imo katika mambo mawili. La kwanza ni umbo lake. Karatasi bapa hupinda kwa urahisi, lakini ukiikunja iwe na mabonde na matuta, kama mabati ya paa, hupata ugumu ambao haikuwa nao. Vivyo hivyo, bamba lenye umbo la U au Z huweza kuhimili msukumo mkubwa ingawa unene wa chuma chake kwa kawaida ni kati ya milimita 8 na 20 tu.

La pili ni kingo zake. Kila ukingo una kucha iliyopinda ambayo huingia katika kucha ya bamba jirani kama vidole vilivyoumana. Mabamba yanapopigiliwa moja baada ya jingine, yanakuwa ukuta mmoja usio na mwanya mkubwa wa kupitisha udongo, na ambao hupitisha maji kidogo tu. Pale ambapo maji hayatakiwi kabisa, viungo hivyo hupakwa lami au vitu maalumu vinavyovimba vikilowa.

Mabamba mengi yana upana wa milimita 400 hadi 750. Urefu hutegemea kazi, na mabamba ya mita 12 hadi 18 ni ya kawaida. Kazi ikimalizika, mengi huweza kung'olewa na kutumiwa tena kwingineko, jambo ambalo hupunguza gharama.

KABLA YA KUPIGILIA

Kazi njema huanza kwa kuijua ardhi. Mhandisi huagiza vitobolewe visima vyembamba vya uchunguzi, na sampuli za udongo kupelekwa maabara. Visima hivyo hupaswa kwenda chini kuliko mabamba yenyewe, kwani hatari inaweza kuwa imejificha chini ya ncha zake.

Maswali yanayotafutiwa majibu ni manne: ardhi ni ya mchanga, mfinyanzi au mwamba? Maji yako kina gani, na hupanda kiasi gani wakati wa mvua? Je, kuna mawe makubwa au mabaki ya misingi ya kale? Na je, kuna mabomba ya maji, majitaka, nyaya za stima au za simu?

Swali la mwisho halistahili kupuuzwa. Bamba likipigiliwa juu ya bomba kuu la maji, mwanakandarasi huwa ameleta kwa mkono wake mafuriko anayojaribu kuyazuia. Wenye tahadhari huchimba mtaro mdogo kwa majembe katika mstari wote wa ukuta ili kuona kwa macho kilichomo kabla ya mashine kuanza.

Hatua nyingine ya mapema ni kukagua majengo jirani. Nyufa zilizopo hupigwa picha, hupimwa na kuandikwa tarehe, pande zote mbili zikishuhudia. Kumbukumbu hiyo humlinda jirani asidhulumiwe, na vilevile humlinda mwanakandarasi asidaiwe fidia ya ufa uliokuwapo miaka 10 kabla hajafika.

JINSI MABAMBA YANAVYOWEKWA

Kazi huanza kwa kutengeneza fremu ya mwongozo. Hizi ni boriti mbili sambamba zilizowekwa juu ya ardhi, na aghalabu nyingine mbili juu zaidi, zenye nafasi katikati inayotosha bamba kupita. Bila fremu hiyo, mabamba huanza kuyumba na kuegemea, na kosa dogo juu huweza kuwa kubwa zaidi chini.

Kreni huinua bamba la kwanza, na mafundi huhakikisha limesimama wima kwa pande zote mbili. Bamba hili ndilo kiongozi wa yote yatakayofuata, hivyo hupewa muda na uangalifu mwingi. Kisha la pili huinuliwa na kucha zake kutelezeshwa ndani ya zile za kwanza.

Mafundi hodari hawapigilii bamba moja hadi mwisho kabla ya kuanza jingine. Badala yake, huyasimamisha mabamba kadhaa kwa pamoja, huyazamisha kiasi, kisha hurudi kuyamalizia kwa zamu. Njia hii huyazuia mabamba yasilalie upande mmoja na yasichopoke katika kucha zao. Bamba lililochopoka chini ya ardhi ni hatari iliyofichika, kwa sababu huacha mwanya ambao mchanga na maji yatapitia shimo likishachimbwa.

Kuna njia tatu kuu za kuzamisha mabamba.

Njia ya kwanza ni nyundo ya mtetemo. Mashine hii hulibana bamba kwa juu na kulitikisa kwa vyuma vizito vinavyozunguka, mara nyingi kati ya mizunguko 1,200 na 2,400 kwa dakika. Mtikisiko huo huufanya mchanga ulio kando ya bamba upoteze mshiko kwa muda, na bamba likazama kwa uzito wake na wa mashine. Hufanya kazi vizuri mno katika mchanga uliolowa, lakini hukwama katika mfinyanzi mgumu.

Njia ya pili ni nyundo ya kugonga, ambayo huangusha uzito mkubwa juu ya bamba. Hii hupenya udongo mgumu, ila kelele zake husikika mbali.

Njia ya tatu ni kusukuma kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa. Mnamo 1975, mashine ya aina hii ilitengenezwa nchini Japani ili kupunguza kelele na mitetemo mijini. Huyashika mabamba yaliyokwisha kuzama na kuyatumia kama nanga, huku ikilisukuma lifuatalo chini kimyakimya. Huchukua muda na gharama zaidi, lakini karibu na hospitali au jengo kongwe huenda ikawa ndiyo njia pekee inayofaa.

Uteuzi wa njia si suala la mashine iliyopo karibu. Mitetemo inayopita katika mchanga uliolegea huweza kuushindilia, ukashuka, na msingi wa nyumba jirani ukashuka nao hata kabla ya kuchimbwa koleo moja. Ardhi ikiwa ngumu mno, mafundi hutoboa mashimo kwanza ili kuilegeza. Kuendelea kugonga bamba lililokataa kushuka huliharibu ncha na kuchana kucha zake.

GADI NA UCHIMBAJI KWA AWAMU

Shimo lisilozidi mita 4 au 5 huweza kushikiliwa na mabamba pekee, mradi yamezama vya kutosha chini ya sakafu ya shimo. Katika mchanga, sehemu iliyozama huenda ikahitaji kulingana na kina cha shimo lenyewe au kukizidi. Kwa maneno mengine, shimo la mita 4 huhitaji mabamba ya mita 8 au zaidi. Anayepunguza urefu huo ili kuokoa pesa huwa anaukata mzizi wa ukuta wake.

Shimo likiwa refu zaidi, ukuta huhitaji msaada. Wanamaji wa Pwani wanaifahamu gadi, yaani nguzo inayoegemezwa ubavuni mwa jahazi lililopandishwa ufuoni ili lisilale. Shimo la ujenzi nalo huwekewa gadi za chuma zinazotoka ukuta mmoja hadi ule wa mkabala, kila upande ukiuzuia mwenzake usiingie ndani. Kati ya gadi na mabamba huwekwa boriti ya mlalo inayozunguka shimo lote kama mshipi, ili mzigo usambae.

Pale ambapo gadi zingezuia kazi, hutumiwa nanga za ardhini. Hizi ni nyaya au vyuma vinavyotobolewa kupita ukutani, vikaingia kwa mshazari katika udongo wa nyuma, vikamwagiwa saruji na kisha kukazwa. Tatizo lake ni kwamba huingia chini ya ardhi ya jirani, na hivyo haziwezi kuwekwa pasipo idhini yake.

Kanuni kuu ya hatua hii ni kuchimba kidogo, kuweka gadi, kisha kuchimba tena. Tingatinga hushuka hadi karibu nusu mita chini ya mahali gadi ya kwanza itakapokaa, kisha husimama. Mshipi na gadi zikishafungwa na kukazwa, ndipo uchimbaji huendelea hadi kiwango cha pili.

Hapa ndipo kishawishi kikubwa kilipo. Tingatinga hukodishwa kwa saa, na mwendeshaji akiwa tayari shimoni, huonekana ni hasara kumsimamisha siku mbili akingoja mafundi wa kuchomelea. Hata hivyo, kila nusu mita inayochimbwa kabla ya gadi kuwekwa huongeza mzigo kwa kasi kubwa, kwa kuwa msukumo wa udongo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kina. Shimo likiongezeka kina mara mbili, nguvu huongezeka mara nne.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba gadi si ngazi wala rafu. Kuipakia vyuma, kuigonga kwa ndoo ya tingatinga au kuikata kidogo ili kupitisha bomba ni kuuhatarisha ukuta mzima.

MAJI YANAPOPITIA CHINI

Ukuta ukiwa imara, maji hutafuta njia ya chini. Hushuka nyuma ya mabamba, hupita chini ya ncha zake, na kupanda katika sakafu ya shimo. Kasi ikizidi, mchanga wa sakafu hupoteza uzito na kuanza kutokota kama uji jikoni. Sakafu hiyo haiwezi tena kuushikilia mguu wa ukuta, na ukuta huteleza ndani.

Katika mfinyanzi laini, hatari huwa tofauti. Uzito wa udongo ulio nje huisukuma sakafu ya shimo iinuke polepole, huku ardhi ya nje ikididimia. Tiba ya matatizo yote mawili ni kuyazamisha mabamba zaidi, au kupunguza maji kwa visima na pampu, au kuiimarisha sakafu yenyewe.

Lakini kupiga pampu nako kuna madhara yake. Maji yakiondolewa chini ya mtaa mzima, udongo hushikamana na kushuka, na nyumba zilizo mbali na shimo zinaweza kupata nyufa. Aidha, pampu ya akiba na jenereta yake si anasa, kwani stima ikikatika usiku wa mvua, shimo hujaa kabla ya asubuhi.

FUNZO LA SINGAPORE NA SHANGHAI

Mnamo Aprili 20, 2004, saa tisa na nusu alasiri, shimo la kina cha takriban mita 30 lililokuwa likichimbwa kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi nchini Singapore liliporomoka, na sehemu ya barabara kuu ya Nicoll Highway ikaporomoka nalo. Watu wanne waliuawa.

Ukuta wa hapo ulikuwa wa zege, si wa mabamba ya chuma, lakini ulitegemea gadi na mishipi ya chuma kama ilivyoelezwa hapo juu. Viwango 9 vya gadi vilikuwa vimekwisha kuwekwa, na uchimbaji wa kufikia kile cha 10 ulikuwa ukiendelea.

Uchunguzi rasmi, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka wa 2005, ulibaini makosa mawili makubwa. Kwanza, nguvu ya mfinyanzi laini wa eneo hilo ilikuwa imekadiriwa kupita kiasi katika hesabu za kompyuta, hivyo msukumo uliotarajiwa ulikuwa mdogo kuliko halisi. Pili, viungo vya gadi na mishipi vilikuwa na takriban nusu tu ya uwezo uliohitajika.

La kusikitisha zaidi ni kwamba dalili zilikuwapo. Ukuta ulikuwa umesogea kupita viwango vilivyopangwa, na siku yenyewe milio ya vyuma ilisikika na viungo vikaonekana vimepinda saa kadhaa kabla ya janga. Baadaye, Singapore ilikaza kanuni zake za usimamizi wa mashimo marefu.

Tukio jingine lilitokea Shanghai, Uchina, Juni 27, 2009. Jengo la orofa 13 ambalo lilikuwa halijahamiwa lilianguka ubavu likiwa zima, na mfanyakazi mmoja akafariki. Upande mmoja wa jengo hilo kulikuwa kukichimbwa shimo la kina cha mita 4.6 tu kwa ajili ya maegesho ya magari. Udongo uliotolewa ulirundikwa upande wa pili hadi kimo cha karibu mita 10. Rundo hilo lilisukuma, shimo likaacha nafasi, na nguzo za msingi zikavunjika.

Matukio haya mawili yanatufunza kwamba shimo haliangushwi na kina pekee. Linaweza kuangushwa na kiungo kimoja dhaifu, hesabu iliyoegemea matumaini, au rundo la udongo lililoachwa mahali pasipofaa.

NAIROBI NA PWANI

Je, mabamba haya yanafaa kila mahali? La hasha. Sehemu nyingi za Nairobi zimekalia miamba iliyotokana na volkano, na mara nyingi mwamba huo uko karibu na uso wa ardhi. Bamba la chuma haliwezi kupigiliwa ndani ya mwamba mgumu. Katika mazingira hayo, wahandisi huchagua nguzo za zege zinazomwagwa katika mashimo yaliyotobolewa, au hutoboa vyuma katika ukuta wa udongo na kuupiga saruji ya kunyunyiza.

Katika maeneo ya udongo mweusi, kama vile Embakasi na South C, tatizo ni kwamba udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mtaro uliosimama wima wakati wa jua huweza kuanguka ghafla baada ya manyunyu ya siku moja.

Mabamba huwa na manufaa zaidi penye mchanga, matope na maji mengi: bandarini, kandokando ya maziwa, kwenye mito inayojengewa madaraja, na katika sehemu za mchanga za miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Hata huko, fundi hujihadhari na matumbawe, ambayo hutokea kama tabaka gumu katikati ya mchanga laini. Kujaa na kupwa kwa bahari nako hubadilisha mzigo wa ukuta mara kadhaa kila siku.

SHERIA INASEMAJE?

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humpa mwajiri jukumu la kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka wa 2011 humlazimu mwanakandarasi kusajiliwa, nayo Sheria ya Wahandisi ya mwaka uo huo husimamia usajili wa wahandisi. Kwa hivyo, mwenye ploti anayemkabidhi shimo lake mtu asiyesajiliwa ili kupunguza gharama hujiweka mwenyewe mashakani.

Nchi nyingine zimeweka viwango vinavyoweza kutumiwa kama kipimo. Nchini Marekani, mtaro wa kina cha futi 5, yaani mita 1.5, au zaidi lazima uwe na kinga isipokuwa umechimbwa katika mwamba imara. Ukizidi futi 20, ambazo ni mita 6, kinga hiyo lazima ibuniwe na mhandisi aliyesajiliwa. Udongo uliotolewa hauruhusiwi kurundikwa chini ya futi 2 kutoka ukingoni, na lazima kuwe na ngazi karibu na kila mfanyakazi.

Mita 1.5 ni takriban kimo cha bega la mtu mzima. Mitaro ya majitaka inayochimbwa mitaani mwetu mara kwa mara hukizidi kimo hicho, na vibarua hushuka humo bila ubao hata mmoja wa kuzuia udongo.

DALILI ZA HATARI

Ukuta wa shimo kwa kawaida hutoa ishara kabla ya kuanguka. Katika miradi mikubwa, wapimaji huweka alama juu ya mabamba na majengo jirani na kuzisoma kila siku. Viwango vya tahadhari hupangwa mapema: cha kwanza huongeza ukaguzi, cha pili husimamisha uchimbaji, na cha tatu huwatoa watu wote. Kipimo kisichosomwa na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi hakina faida yoyote.

Mfanyakazi asiye na vyombo vya kupimia anaweza kutumia macho na masikio yake. Aondoke shimoni na kumwarifu msimamizi akiona au kusikia haya:

- Ufa mpya ardhini unaoenda sambamba na ukingo wa shimo.
- Gadi au boriti iliyopinda, au mlio wa chuma kinacholia bila kuguswa.
- Maji yanayotoka katika viungo vya mabamba yakiwa na mchanga au matope. Maji maangavu si hatari sana, lakini maji yenye mchanga yanaonyesha kwamba ardhi iliyo nyuma ya ukuta inaliwa.
- Sakafu ya shimo inayoinuka, kulainika au kutokota.
- Malori, mchanga au matofali yaliyowekwa karibu na ukingo bila idhini ya mhandisi.

Jirani naye aangalie milango na madirisha yaliyoanza kukwama, nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha, na sakafu au ua unaoinama kuelekea shimo. Aandike tarehe, apige picha na kuwasilisha malalamiko yake kwa maandishi kwa mwanakandarasi na kwa serikali ya kaunti.

KAZI HAIISHI KWA KUFIKA CHINI

Wengi hudhani kwamba shimo likishafika kina kilichotakiwa, hatari imepita. La. Gadi haziwezi kuondolewa hadi sakafu na kuta za zege zikomae na kuweza kuubeba mzigo huo. Kila gadi huondolewa kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu, orofa moja ikichukua nafasi ya gadi iliyotolewa.

Hatimaye mabamba hung'olewa kwa nyundo ileile ya mtetemo. Yakitoka, huacha mianya ambayo udongo huijaza kwa kushuka. Karibu na majengo, mianya hiyo hujazwa saruji laini, au mabamba huachwa ardhini daima. Gharama ya chuma kilichoachwa ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kuijenga upya nyumba ya jirani.

Wahenga walisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika ujenzi wa siku hizi, anayeidhinisha shimo huwa ofisini, na anayeingia ni kibarua aliyeajiriwa asubuhi hiyo. Ndiyo sababu hesabu za mhandisi, gadi zilizowekwa kwa wakati na msimamizi anayethubutu kusimamisha tingatinga si gharama za ziada. Mmiliki wa ploti azipange katika bajeti yake kabla ya koleo la kwanza kugusa ardhi.